Kati ya ‘hatari’ na ‘hatarini’: Baiskeli, gari na neno tulilolipoteza barabarani

MAJUZI nilifanya jambo lililowashangaza majirani zangu: nilinunua baiskeli. Daktari alikuwa amenishauri nitoe jasho kila siku, nami si mtu wa kukimbia alfajiri nikiwa nimevaa kaptura. Siku ya tatu, nikiwa naendesha polepole ukingoni mwa lami, mwalimu mwenzangu alinifikia kwa gari lake. Alipunguza mwendo, akateremsha kioo na kunipigia kelele: “Mwalimu, wachana na hiyo kitu! Baiskeli ni hatari!” Kisha akakanyaga mafuta akaenda zake. Upepo wa gari lake ulinisukuma hadi kwenye nyasi.

Nilisimama pale nikaanza kuichambua sentensi yake. Walimu wa lugha tuna ugonjwa wetu. Wazo la kwanza lilikuwa kumsahihisha: “hicho kitu”, si “hiyo kitu”. Lakini nilipoendelea kufikiri niling’amua kwamba kosa la upatanisho wa kisarufi lilikuwa dogo mno. Kosa kubwa lilikuwa katika neno alilolitamka kwa usahihi kabisa: hatari.

Kiswahili kina hatari, na kina hatarini. Kinachotenganisha maneno haya ni kiambishi tamati -ni, kile kile kinachotupeleka kutoka nyumba hadi nyumbani na kutoka shamba hadi shambani. Kitu kilicho hatari ni kile kinachoweza kudhuru. Kiumbe kilicho hatarini ni kile kinachoweza kudhuriwa. Chui ni hatari. Mbuzi aliyefungwa karibu na chui yuko hatarini. Hakuna mfugaji anayechanganya mambo hayo mawili. Lakini tukifika barabarani tunayachanganya kila siku, na mimi mwenyewe nimeyachanganya kwa miaka mingi. Mwenzangu alitaka kusema, “Mwalimu, uko hatarini.” Angalisema hivyo, ningalimuuliza swali moja tu: “Kwa sababu ya nani?”

Katika makala haya ninataka kulifuatilia swali hilo katika historia, kwa kuwa lina zaidi ya miaka 120 na limegharimu maisha ya watu wengi. Ni chombo gani kilicho hatari barabarani, gari au baiskeli? Na ilikuwaje lugha yetu, pamoja na lugha za wenzetu, ikajifunza kulijibu swali hilo kwa kumtazama anayeumia badala ya anayeumiza?

Tuanze na majina. Baiskeli ni neno tulilolikopa kutoka Kiingereza, na halikutusumbua sana. Tuliliongezea irabu likatulia. Gari lilikuja kutoka upande wa pili wa bahari, katika lugha za Bara Hindi, na mwanzoni halikuwa na uhusiano wowote na injini. Gari lilikuwa chombo chochote chenye magurudumu kinachokokotwa. Ndiyo maana hadi leo tunasema gari la punda na gari la ng’ombe, na ndiyo maana treni ilipofika ikaitwa gari la moshi. Chombo cha petroli kilipokuja, wazee walikiita motokaa ili kukitofautisha na magari mengine. Baadaye motokaa ikazoeleka kiasi kwamba ikalimeza jina lote. Leo ukisema “gari” hakuna atakayefikiria punda.

Mabadiliko hayo yana jambo la kutufunza. Gari la punda lilitaja katika jina lake nguvu inayolivuta. Motokaa ilipopokonya jina, gari likabaki peke yake katika sentensi, kana kwamba linajiendesha. Nitarudi kwa jambo hili baadaye.

Sasa twende Uingereza na Marekani, kwa sababu huko ndiko vyombo hivi viwili vilikokutana kwa mara ya kwanza. Baiskeli ya muundo tunaoujua leo, yenye magurudumu mawili yanayolingana na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, ilienea baada ya John Kemp Starley wa Coventry kutengeneza ‘Rover’ mwaka wa 1885. Miaka mitatu baadaye, John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi la upepo kule Belfast. Katika muda mfupi baiskeli zikajaa barabarani.

Na je, zilipokelewaje? Kwa hofu! Katika miaka hiyo, kiumbe kilicholaumiwa kwa fujo za barabarani kilikuwa mwendesha baiskeli. Alishutumiwa kwa kuwatisha farasi, kuwakwaruza wazee na kupita mijini kama mshale. Mahakama ya Uingereza ilikuwa imeamua tangu mwaka wa 1879, katika kesi ya Taylor dhidi ya Goodwin, kwamba mtu anaweza kuadhibiwa kwa kuendesha baiskeli kwa kasi ya wendawazimu, sawa na mwenye gari la farasi. Sheria ya mwaka wa 1888 ikaitaja baiskeli kuwa gari miongoni mwa magari mengine, na kumlazimu mwendeshaji kupiga kengele anapompita mtu. Jijini New York, mwaka wa 1895, Theodore Roosevelt, ambaye baadaye alikuwa rais wa Marekani, alikuwa msimamizi wa polisi. Chini yake kiliundwa kikosi cha polisi wa baiskeli, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuwafukuza waendesha baiskeli waliokimbia kupita kiasi.

Sitaki msomaji adhani kwamba hofu hiyo ilikuwa ya kipuuzi. Baiskeli inaweza kumvunja mtu mguu. Inaweza hata kuua, na imewahi kuua. Jambo la kuzingatia ni kwamba jamii ile ilipoona chombo kipya kinawaumiza wasiokuwa nacho, ilimgeukia mwenye chombo. Yeye ndiye aliyewekewa kengele, taa, polisi na faini. Mzee aliyekuwa akitembea hakuambiwa arudi nyumbani.

Halafu ukaja mwaka wa 1896. Mei 30, jijini New York, Henry Wells alikuwa akiendesha gari la Duryea alipomgonga Evelyn Thomas, aliyekuwa kwenye baiskeli. Evelyn alivunjika mguu, naye Wells akalala korokoroni. Tukio hilo hutajwa mara nyingi kuwa mgongano wa kwanza wa motokaa ulioandikwa katika kumbukumbu za Marekani. Tazama basi: katika ukurasa wa kwanza kabisa wa historia hii, aliyevunjika mguu ni wa baiskeli na aliyefungiwa ni wa gari.

Miezi miwili na nusu baadaye, Agosti 17, katika viwanja vya Crystal Palace jijini London, Bridget Driscoll, mama wa umri wa miaka 44, alikuwa akitembea na binti yake. Gari lililokuwa likiwatembeza watu kwa maonyesho likamgonga na kumuua. Dereva, Arthur Edsall, alisema alikuwa akienda maili nne kwa saa, yaani kasi ya mtu anayetembea kwa haraka. Shahidi mmoja alidai gari lilikwenda kama farasi anayekimbia. Baraza la uchunguzi lilisikiliza kwa saa kadhaa, kisha likatoa uamuzi: kifo cha ajali. Edsall hakushtakiwa. Novemba 14 mwaka huo huo, sheria iliyokuwa imekwisha kupitishwa ilianza kutumika, na kasi inayoruhusiwa ikapandishwa kutoka maili nne kwa saa hadi 14.

Bi Driscoll hukumbukwa kama mtembea kwa miguu wa kwanza kuuawa na gari la petroli nchini Uingereza. Mimi humkumbuka kwa sababu nyingine. Nadhani ni katika mwaka wake ambapo neno ‘ajali’, kwa lugha yoyote unayotaka, lilianza kazi mpya ya kulisafishia gari njia.

Tusiende mbio. Kwa muda bado watu walijua ni nani wa kufukuzwa. Mei 20, 1899, dereva wa teksi jijini New York kwa jina Jacob German alikamatwa kwa kuendesha gari kwa kasi ya maili 12 kwa saa, takriban kilomita 19. Aliyemkamata ni polisi wa kile kikosi cha Roosevelt, na alikuwa juu ya baiskeli! Ninapowasimulia wanafunzi wangu kisa hiki hucheka hadi machozi yakawatoka: polisi wa baiskeli kulifukuza gari na kulipata. Lakini nyuma ya kicheko kuna hesabu inayostahili kufanywa, kwa sababu ndiyo inayoeleza kila kitu kilichofuata.

Walimu wa fizikia watanisamehe nikiingia shambani mwao. Nguvu ambayo chombo kinabeba kikiwa katika mwendo hutegemea mambo mawili: uzito wake, na kasi yake ikizidishwa kwa kasi hiyo hiyo. Chukua baiskeli na mwendeshaji wake, jumla kilo 90, ikienda kilomita 15 kwa saa. Chukua gari dogo la kawaida, pamoja na abiria, kilo 1,350, likienda kilomita 50 kwa saa, kasi ambayo sheria yetu inairuhusu mijini. Gari lina uzito mara 15 zaidi. Kasi yake ni mara tatu na thuluthi, na ukizidisha kasi kwa kasi unapata mara 11 hivi. Zidisha 15 kwa 11, na unaona kwamba gari hilo linamfikia mtu likiwa na nguvu zaidi ya mara 160 ya zile za baiskeli. Na hilo ni gari dogo linalotii sheria. Lori la mchanga sijalihesabu.

Basi tukiuliza ni kipi kilicho hatari, jibu halihitaji maoni. Nchini Uingereza, watembea kwa miguu wanaouawa kwa kugongwa na baiskeli katika mwaka ni wa kuhesabiwa kwa vidole vya mkono. Wanaouawa kwa kugongwa na magari ni mamia. Lakini tukiuliza ni nani aliye hatarini, orodha inageuka juu chini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu takriban milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni wale wanaokwenda kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Anayeua sana hufa kidogo; anayekufa sana huua kidogo. Hivyo ndivyo -ni inavyofanya kazi duniani.

Swali sasa ni hili: tulianzaje kusema “baiskeli ni hatari”?

Katika miaka ya 1920 miji ya Marekani ilijaa vifo, na wengi waliokufa walikuwa watoto. Wananchi walikasirika. Mwaka wa 1923, katika mji wa Cincinnati, zaidi ya watu 42,000 walitia sahihi ombi la kutaka kila gari lifungwe kidhibiti mwendo cha kulizuia kupita maili 25 kwa saa, yaani kilomita 40. Msomaji wa Kenya anayekumbuka kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa mwaka wa 2004 na kuyawekea matatu vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, atashangaa kuona kwamba wazo hilo lilikuwa limekwisha kupigiwa kura miaka 80 kabla. Wauzaji wa magari walifanya kampeni kali, na pendekezo likashindwa.

Baada ya hapo wenye maslahi katika biashara ya magari walielewa kwamba vita hivi ni vya maneno. Kukaenezwa neno jipya la Kiingereza la kumdhihaki mtu anayevuka barabara popote apendapo. Sehemu ya kwanza ya neno hilo ilikuwa na maana ya mtu wa mashambani asiyejua mambo ya mjini. Kwa Kiswahili chetu cha mtaani tungesema ‘mshamba’. Mtu aliyekuwa akitembea barabarani kama babu na bibi zake walivyotembea akaambiwa kwamba yeye ni mshamba, na kwamba akifa amejitakia. Mwaka wa 1925 Los Angeles ilipitisha kanuni kali za kumdhibiti mtembea kwa miguu, na miji mingine ikafuata. Mwanahistoria Peter Norton ameyaeleza mageuzi haya kwa kina katika utafiti wake. Ninachokiokota kwake ni hiki: kabla barabara haijabadilishwa kwa saruji na lami, ilibadilishwa kwa msamiati.

Nasi je? Sisi hatukuhitaji neno jipya. Tulikuwa na neno letu la zamani, tena zuri, lenye heshima: ajali.

Neno hili lilitujia kutoka Kiarabu, ambako ajal ni muda uliowekwa, hasa mwisho wa uhai wa mtu uliokwisha kupangwa na Mungu. Kiswahili kililipokea na uzito huo. Tunaposema “ajali haina kinga”, hatuzungumzii breki. Tunazungumzia majaliwa, siku ya mtu ikifika imefika. Ni methali ya kumfariji aliyefiwa, na sina ugomvi nayo matangani. Tatizo ni pale neno la majaliwa lilipoajiriwa na polisi, wanahabari na makampuni ya bima kutaja tukio ambalo mtu fulani, kwa kasi fulani, amelisababisha. Kila mara tunapoandika “ajali ya barabarani” tunabeba, bila kukusudia, chembe ya wazo kwamba jambo hili liliandikwa mbinguni. Nchini Uingereza, jarida la kitabibu la BMJ liliona tatizo kama hilo katika neno la Kiingereza, na mwaka wa 2001 likatangaza kwamba halitalitumia tena ovyo.

Niruhusu sasa nilete ushahidi kutoka kwetu Busia.

Mjomba wangu alikuwa mwendesha boda boda tangu zama ambapo boda boda ilikuwa baiskeli. Wasomaji vijana huenda wasijue kwamba jina hilo lilizaliwa mpakani, Busia na Malaba, ambako vijana waliwabeba wasafiri na mizigo kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, huku wakiita wateja kwa Kiingereza chao cha haraka cha neno ‘mpaka’. Baiskeli zilikuwa nyeusi, nzito, na kwenye keria kulishonewa mto wa sponji. Mjomba alijivunia mto wake uliokuwa na nyuzi za rangi.

Siku moja, katikati ya miaka ya themanini, mjomba alimgonga bibi mmoja sokoni. Bibi alianguka, omena wake wakamwagika, kifundo cha mkono kikateguka. Soko lote lilijua dakika hiyo hiyo. Hakuna aliyesema “baiskeli imemgonga bibi”. Walisema, “Mtoto wa fulani amemgonga bibi!” Alishikwa, akakemewa, akambeba bibi hadi zahanati kwa baiskeli ile ile, akalipia omena, na Jumapili iliyofuata akaenda kumwomba msamaha akiwa na kuku kwapani. Nilikuwa mtoto, nami nilidhani huo ndio utaratibu wa dunia: aliyeumiza hutajwa jina, na aliyetajwa jina hulipa.

Mnamo 1991, magharibi moja, mjomba aligongwa na lori karibu na Bumala akirejea nyumbani. Hakufika hospitalini. Angalia sentensi niliyoiandika hivi punde: “aligongwa na lori”. Ndivyo tulivyoambiwa, ndivyo ilivyotangazwa matangani, na ndivyo nilivyoisema kwa zaidi ya miaka 30. Dereva hakuwamo. Hakutajwa jina, hakuletwa, hakuja na kuku. Wazee walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema ajali haina kinga. Mmoja aliongeza, kwa uchungu wa kweli, “Mimi nilimwambia hii baiskeli ni hatari.” Sote tukatikisa kichwa kukubali.

Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi kama mwalimu wa sarufi. Katika Kiswahili, kauli ya kutendwa ina vihusishi viwili vinavyofanya kazi tofauti. Na humtambulisha mtendaji. Kwa hutambulisha kifaa. Tunasema mtu alipigwa na jirani kwa fimbo. Ukisema “alipigwa na fimbo” na kuishia hapo, msikilizaji atakuuliza fimbo ilishikwa na nani. Lakini tunasema “aligongwa na gari”, “aligongwa na lori”, “alikanyagwa na matatu”, na hakuna anayeuliza chochote. Gari limepandishwa cheo kutoka kifaa hadi mtendaji. Halafu linapewa tabia za mtu: gari lilipoteza mwelekeo, breki zilikataa, lori lilishindwa kupanda mlima likarudi nyuma. Dereva hutokea mwishoni mwa habari, aghalabu anapotoroka.

Nimesema mwanzoni kwamba gari la punda lilitaja katika jina lake nguvu inayolivuta. Hapa ndipo kwenye maana yake. Chombo kinachoonekana kujiendesha hakimdai mtu jibu. Mwendesha baiskeli yeye hana pa kujificha: jasho lake, uso wake na miguu yake vinaonekana. Kwa hiyo akikosea tunamtaja, na akiuawa pia tunamtaja yeye.

Halafu kuna mjukuu wa baiskeli ile. Karibu mwaka wa 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, na kwa miaka michache pikipiki zikazifukuza baiskeli mpakani na kote nchini. Jina halikubadilika: boda boda. Lakini chombo kilichokuwa kikienda kilomita 12 kwa saa sasa kinakwenda 80. Tulibaki na jina tulilolipenda tukasahau kwamba lililomo ndani si lile lile. Wadi za mifupa katika hospitali zetu zinaijua tofauti hiyo vizuri kuliko kamusi.

Je, lugha inaweza kuturudisha tulikotoka? Kuna taifa moja lililojaribu. Uholanzi tunayoisifu leo kwa baiskeli haikuwa hivyo daima. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia nayo ilifungulia magari milango, na baiskeli zikapungua mwaka baada ya mwaka. Mwaka wa 1971 watu wapatao 3,300 walikufa katika barabara za nchi hiyo, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff, aliyempoteza bintiye barabarani, aliandika makala ambayo kichwa chake kikawa jina la vuguvugu zima. Kwa Kiswahili tungekitafsiri hivi: Komesheni mauaji ya watoto.

Hawakusema ajali. Walisema mauaji. Wengi waliona neno hilo ni kali mno, na pengine lilikuwa kali. Madereva wengi hawakuamka asubuhi wakikusudia kuua. Lakini ajali humfanya msikilizaji ainamishe kichwa, na mauaji humfanya aulize nani, wapi, na yatakomeshwa vipi. Wazazi walifunga barabara, watoto wakaandamana kwa baiskeli, na uhaba wa mafuta wa mwaka wa 1973 ukawapa nguvu. Njia za baiskeli zikajengwa, mitaa ikapunguziwa mwendo. Sheria yao ya barabara nayo inamwekea mwenye gari dhamana ya kumfidia mtembea kwa miguu au mwendesha baiskeli aliyemgonga, hata pale ambapo aliyegongwa naye alikosea kwa sehemu. Aliyebeba nguvu kubwa anabeba pia wajibu mkubwa.

Sisemi Uholanzi ni peponi. Waendesha baiskeli bado wanakufa huko, wakiwemo wazee wanaoanguka wenyewe wasiguswe na mtu. Baiskeli ina hatari zake kwa mwenyewe, kama ngazi na bafu zilivyo na hatari zake. Ila hakuna aliyewahi kufunga mtaa kwa kuogopa ngazi ya jirani.

Kwetu Kenya, zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa barabarani kila mwaka katika miaka ya karibuni, na zaidi ya thuluthi moja ni watembea kwa miguu. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera mwaka wa 2015 ya kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili ya wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Wasomaji wanaopita kila siku kando ya barabara zetu wataamua wenyewe kama wameiona asilimia hiyo. Ajabu ni kwamba sheria yetu ya trafiki haina kigugumizi. Kifungu cha 46 hakisemi gari limeua. Kinamtaja mtu yeyote anayesababisha kifo cha mwingine kwa kuendesha gari ovyo, na kinamwekea kifungo kisichozidi miaka 10. Sheria inamjua mtendaji. Sisi ndio tuliomfuta katika mazungumzo, na mtu aliyefutwa katika mazungumzo ni rahisi kumfuta katika faili.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa wanahabari: andikeni “dereva wa lori alimgonga mwendesha baiskeli”. Sentensi hiyo haimhukumu mtu. Inasema tu kwamba kulikuwa na watu wawili pale, si mtu na bahati yake mbaya. Kwa walimu wenzangu: tunapofundisha kauli ya kutendwa, tuwaulize wanafunzi ni kwa nini tunasema “kwa fimbo” lakini “na gari”. Hawatalisahau somo hilo, na baadhi yao watakuwa madereva.

Nami nimeanza kwa kujisahihisha mwenyewe. Mwaka wa 1991, karibu na Bumala, dereva fulani alimgonga mjomba wangu kwa lori, akamuua. Baiskeli yake haikuwa hatari. Ilikuwa hatarini, naye akiwa juu yake.

Wiki iliyopita nilikutana na yule mwenzangu katika chumba cha walimu, nikamweleza tofauti ya hatari na hatarini. Alicheka sana. “Sawa, Mwalimu, umeshinda,” akasema. “Wewe uko hatarini. Sasa unataka nifanye nini?”

Nikamwambia: “Ukiniona mbele yako, punguza mwendo.”